Meier: kapita aliyewaachia watoto jina lake

Kila mwana-seminari wa darasa la chini anakariri mapema: magnus, maior, maximus. Mkubwa, mkubwa kupita, mkubwa kupita wote. Wengi wanayaacha maneno hayo pale pale katika kitabu cha sarufi, wakidhani yamekufa pamoja na Waroma wenyewe. Kumbe lile la katikati, maior, halikukufa. Lilitoka Roma, likavuka milima ya Alpi, likaingia katika mashamba ya wafalme na ya monasteri, likafanya kazi huko karne nyingi, na mwisho likageuka kuwa jina la watu. Leo, katika mji wo wote wa Ujerumani, ukiangalia majina yaliyobandikwa milangoni utalikuta: Meier, Meyer, Maier, Mayer, Mair, Mayr. Yote hayo ni neno moja.

Nimeona vizuri kueleza habari za jina hili kwa sababu mara nyingi nasikia watu wetu wakisema kwamba majina ya Wazungu hayana maana, ni sauti tu. Majina yetu sisi ndiyo yanayosema jambo, sawa vile mtoto aliyezaliwa nyuma ya mapacha, au yule aliyezaliwa njiani, anavyopewa jina lenye kutaja mambo hayo. Si kweli. Majina yao nayo yalikuwa na maana wazi, lakini wenyewe wameisahau, kama mtu anayekaa katika nyumba ya babu yake bila kujua nani aliyechoma matofali.

Meier ni nani? Kwa Kiswahili chetu cha Kongo jibu ni jepesi: Meier ni kapita. Si mwenye shamba, wala si mtu wa jembe tupu. Ni yule anayesimama katikati: bwana anamtegemea, wafanyakazi wanamwogopa, na jioni anapashwa kutoa hesabu.

Tuanze mwanzo. Katika Kilatini cha nyuma ya Waroma, walimwita maior mtu ye yote aliyewekwa juu ya wengine. Katika nyumba ya wafalme Wafranka alikuwako maior domus, mkubwa wa nyumba, aliyeangalia mali na watumishi wote wa mfalme. Wasomaji waliosoma historia ya Eklezia wanajua mwisho wake: hao wakubwa wa nyumba walipata nguvu kupita wafalme wenyewe, hata mwaka 751 mmoja wao, Pipini, akamwondoa mfalme na kukaa katika kiti chake. Ni kapita aliyetwaa shamba! Tushike habari hiyo, maana tutaikuta tena, kwa namna ndogo, katika vijiji.

Kule vijijini maior alikuwa mtu wa chini kidogo. Shamba kubwa la mfalme, la askofu au la monasteri liligawanyika sehemu mbili. Sehemu moja ilikuwa ya bwana mwenyewe, pamoja na nyumba kubwa, ghala, zizi na kinu. Sehemu ya pili waligawiwa watu wa kijiji, kila jamaa fungu lake. Nao kwa malipo ya fungu hilo walilima shamba la bwana na kumletea mayai, kuku, nguruwe, nafaka na nguo za kitani. Sheria ya zamani ya Wabavaria, ya karne ya 8, inasema kwamba watumwa wa Eklezia watafanya kazi ya bwana siku tatu kwa juma, na siku tatu watajifanyia wenyewe. Siku ya saba ni ya Mungu. Nyumba ile kubwa waliiita Fronhof. Neno fron, katika Kijerumani cha kale, ni cha bwana, kinachomhusu bwana. Na tazama, sikukuu ya Mwili wa Kristu, ambayo sisi tunaifanya kwa maandamano na maua njiani, Wajerumani wanaiita mpaka leo Fronleichnam, yaani Mwili wa Bwana. Neno lile lile la shamba na la altare.

Katika Fronhof hiyo alikaa maior. Wajerumani waliokuwa hawajui Kilatini walilivunja neno hilo mdomoni mwao: meior, kisha meiger, kisha meier. Ndivyo maneno yanavyofanya po pote. Sisi nasi tumelitwaa kapita toka kwa Wareno, tukalivika nguo yetu.

Mfalme Karoli Mkubwa alikuwa na mashamba mengi sana, na karibu na mwaka 800 ikaandikwa barua ya amri juu ya namna ya kuyatunza, nayo inaitwa Capitulare de villis. Ina vichwa 70. Ni maandiko ya ajabu: yanataja mpaka majina ya mboga za kupandwa bustanini. Juu ya makapita mna amri mbili ambazo mimi nikizisoma nafikiri kila mkubwa wa kazi angezibandika ukutani. Ya kwanza, katika kichwa cha 26: kapita asipewe sehemu kubwa kuliko ile anayoweza kuizunguka na kuiangalia kwa siku moja. Ya pili, katika kichwa cha 60: makapita wasichaguliwe kati ya watu wenye nguvu, bali kati ya watu wa katikati walio waaminifu. Mfalme hakukaa darasani kutafuta hekima hiyo. Bila shaka alikuwa amekwisha kuibiwa. Mtu mwenye nguvu, ukimpa ufunguo wa ghala, kesho ghala ni lake.

Waandishi wa zamani, walipotaka kumtaja Meier kwa Kilatini kizuri, mara nyingi waliandika villicus. Hapo mapadri na makatekista wanapashwa kusimama kidogo, kwa maana neno hilo wanalijua. Ndilo neno la Biblia ya Kilatini katika Evanjeli ya Luka, sura ya 16, juu ya yule msimamizi aliyeshitakiwa kwa bwana wake kwamba anatapanya mali, akaitwa kutoa hesabu ya usimamizi wake. Mkulima wa Ujerumani wa karne ya 11, akimsikia padri wake akieleza mfano huo siku ya Mungu, hakuhitaji maelezo marefu. Villicus alikuwa pale pale kanisani, na watu wote walijua ni nani aliyeandikiwa hamsini badala ya mia.

Je, makapita hao walikuwa waaminifu? Wengine ndiyo, wengine hapana. Ushuhuda mmoja mzuri umetufikia toka monasteri ya Mtakatifu Galo, katika nchi inayoitwa leo Uswisi. Mmonaki Ekkehardi wa nne, mwalimu wa shule aliyeishi karne ya 11, aliandika mambo ya monasteri yake, naye analalamika sana juu ya makapita wa mashamba yao. Anasema walianza kubeba ngao na silaha zenye kung'aa. Walijifunza kupiga baragumu kwa sauti nyingine, isiyo ile ya watu wa kijiji. Walifuga mbwa, kwanza wa kuwinda sungura tu, kisha wa kuwinda dubu na nguruwe wa mwitu. Aliona vizuri, mwalimu yule! Hakusema habari za fedha iliyopotea. Alitazama baragumu na mbwa. Mtu akianza kubadili sauti ya baragumu yake, amekwisha kubadili moyo wake juu ya cheo chake. Na kweli, nyuma yake baadhi ya jamaa za makapita wa Mtakatifu Galo walipanda hata kuwa wakubwa wa vita wenye ngome, kama wale walioitwa Meier wa Altstätten. Jina la utumishi wakalishika kama jina la ukubwa.

Wengi zaidi walibaki wakulima. Tangu karne ya 12 na ya 13 mabwana walichoka na utaratibu wa zamani. Kuwaita watu siku tatu kwa juma, kuwasimamia, kuhesabu mayai, yote hayo yalikuwa na masumbuko mengi, na wakati ule fedha ilianza kuzunguka katika miji. Wakaona heri wagawanye shamba la bwana na kulipangisha. Kapita, aliyekuwa amekaa katika nyumba kubwa, akabaki ndani yake, lakini sasa hakuwa tena msimamizi wa wengine. Alikuwa mpangaji mwenye shamba kubwa, akilipa kila mwaka sehemu yake. Upande wa kaskazini, katika Saksonia ya Chini, desturi hiyo ilienea mpaka ikawa na sheria yake, na shamba likaweza kurithiwa na mtoto. Huko Meier ikawa tu jina la mkulima aliye na shamba zima. Ndiyo sababu Meyer ni wengi namna ile katika nchi za karibu na Hannover: si kwamba kila babu yao aliwahi kuamuru watu, bali kila mkulima mzito aliitwa hivyo.

Upande wa kusini ilikuwa namna nyingine. Katika Bavaria, Suebia na Tiroli, shamba la Meier lilibaki shamba moja maalum katika kijiji, kwa kawaida lile la kale na kubwa kupita mengine, karibu na kanisa. Mwenye kukaa humo alikuwa na haki zake, lakini alikuwa na mizigo pia. Mara nyingi ndiye aliyepashwa kufuga ng'ombe dume na nguruwe dume kwa ajili ya mifugo ya kijiji chote. Sherehe haikukosa mzaha juu ya jambo hilo, nadhani.

Sasa jina lilishikaje kwa watoto? Mbele ya karne ya 12 Mjerumani alikuwa na jina moja tu, sawa na babu zetu. Lakini miji ilipokua, na watu walipopenda kuwabatiza watoto kwa majina machache yale yale, ikawa fujo. Yohane kumi katika njia moja, Henriki wengine kumi. Mpaka leo Mjerumani akitaka kusema watu wote tu, bila kuchagua, anasema Hinz na Kunz, yaani Henriki na Konradi, kwa kuwa zamani ukitupa jiwe ungempata mmoja wao. Basi waandishi wa miji, kwanza kule Kolonia na miji mingine ya mto Rhin, wakaanza kuongeza alama: Henriki mhunzi, Henriki mfupi, Henriki wa kule mlimani, Henriki kapita. Alama ya kazi ndiyo iliyozaa majina mengi kupita: Schmidt ni mhunzi, Müller ni mwenye kinu, Schneider ni mshonaji, Fischer ni mvuvi, Weber ni mfumaji. Mwanzoni alama ilikufa pamoja na mtu. Mtoto wa mhunzi aliyekuwa mvuvi aliitwa Fischer. Kisha, polepole, kwa karne mbili tatu, alama ikaganda: mtoto akaitwa Schmidt hata kama hajashika nyundo. Katika pembe nyingine za nchi desturi hiyo ilichelewa sana. Watu wa Frisia, kule baharini, walilazimishwa kushika majina ya jamaa mwaka 1811 tu, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Napoleoni.

Juu ya Meier kuna jambo moja la pekee, na ndilo linalonipendeza kupita yote. Katika Westfalia jina halikumfuata mtu, lilifuata shamba. Kama mwenye Meierhof alikuwa na binti tu, na kijana wa jina lingine akamwoa binti huyo na kuingia kukaa katika shamba, yule kijana alikuwa Meier tangu siku hiyo, na watoto wake vivyo hivyo. Padri katika kitabu chake aliandika majina yote mawili, lile la kuzaliwa na lile la shamba, na katikati neno genannt, yaani aitwaye. Wengine waliongeza jina la pahali: Meyer zu fulani, Meyer wa pahali fulani. Kwa hiyo mtu anayetafuta babu zake huko, akifuata jina peke yake, atapotea. Atakuwa anahesabu wakaaji wa nyumba, akidhani anahesabu damu.

Na kwa kuwa Meier walikuwa wengi mno, neno hilo nalo likahitaji alama ya kulitenga. Yakazaliwa majina marefu: Obermaier, wa juu, na Niedermayer, wa chini, Bachmaier, wa kijitoni, Neumeier, mpya. Sedlmayr ni wa makao ya bwana. Kirchmeier ni msimamizi wa mali ya kanisa. Katika parokia za Kikatoliki za Uswisi cheo hicho hakijafa, ni mlei anayeshika hesabu za parokia. Tena yuko Widmaier, ndugu wa Widmann na Widmer. Huyo alilima Widem, shamba lililotolewa kwa kanisa ili padri apate chakula. Kila wanapokutana leo mtu aitwaye Widmer na padri wake, kwa kweli wamekutana mkulima na mlishwa wake, ingawa hakuna kati yao anayefikiri jambo hilo.

Watu wa Ufaransa walilitwaa neno lile lile la Kilatini kwa njia yao, wakapata maire, mkubwa wa mji, na sisi tunamwita meya. Jina la jamaa Lemaire, linalojulikana Ubelgiji na Ufaransa, ni ndugu kabisa wa Meier. Ofisa Charles Lemaire, aliyeongoza safari ya kupima nchi ya Katanga miaka ya 1898 mpaka 1900, na Hans Meyer, mtu wa Leipzig aliyefika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na kisha akaandika kitabu kikubwa juu ya Warundi mwaka 1916, walikuwa na jina moja bila kujua. Mbelgiji na Mjerumani, kila mmoja na bendera yake, wote wawili watoto wa kapita.

Sasa tufike kwenye maandiko, kwa maana namna nyingi za kuandika jina hili zinatuhusu sisi tunaoshika vitabu vya parokia. Kwa nini Meier, Meyer, Maier, Mayer, Mayr? Si jamaa tofauti tangu mwanzo. Konsilio ya Trento mwaka 1563 iliamuru kila paroko ashike kitabu cha ndoa, na majina ya wabatizwa na wasimamizi wao yaandikwe. Na Rituale Romanum ya mwaka 1614 ikaweka taratibu za vitabu vya parokia: ubatizo, kipaimara, ndoa, hali ya roho, na wafu. Paroko aliandika alivyosikia. Mkulima hakujua kusoma, hakuweza kumsahihisha. Paroko wa Bavaria alizoea ai, akaandika Maier. Mwingine alipenda y kwa uzuri wake. Yule mvivu, au yule mwenye haraka, aliandika Mayr, akaiacha e. Kaka mmoja alibatizwa chini ya paroko huyu, kaka wa pili chini ya paroko yule, na hivyo mama mmoja akazaa Maier na Mayr. Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu. Lakini tangu tarehe 1 Januari 1876 serikali ya Ujerumani yote iliweka ofisi zake za kuandika vizazi, ndoa na vifo, na herufi zikafungwa kama simiti. Yaliyokuwa mazoea ya mkono wa padri yakawa mpaka kati ya jamaa na jamaa. Mpaka leo, kwa macho ya mwenye kujua, Mayr ananuka Bavaria na Austria, Maier anatoka Württemberg au Bavaria, Mair wengi ni wa Tiroli, na Meyer ni mtu wa kaskazini, ingawa Waswisi nao wanaandika hivyo.

Msicheke. Fungueni vitabu vyenu. Mtakuta Tshibangu, na ndugu yake Cibangu, na mtoto wa ndugu yake Chibangu. Wa kwanza aliandikwa kwa masikio ya Mbelgiji, wa pili kwa sarufi ya wanachuo, wa tatu kwa mazoea ya shule ya Kiswahili. Mimi mwenyewe nimemwona mama mjane ambaye karatasi ya ndoa yake na karatasi ya ubatizo wa marehemu mume wake hazikupatana herufi moja, na juu ya herufi hiyo alizunguka toka ofisi mpaka ofisi muda wa miezi, kwa ajili ya fedha iliyokuwa haki ya watoto. Katekista aliyeiandika alikuwa mtu mwema. Hakuuliza tu.

Kuna mto wa pili ulioingia katika jina hili, nao hautoki Roma. Wayahudi tangu zamani wana jina Meir, nalo katika Kiebrania ni mwenye kuangaza. Rabi Meir wa karne ya 2 ni mmoja wa walimu wao wakubwa. Mwingine, Rabi Meir wa Rothenburg, alikufa mwaka 1293 akiwa mfungwa wa mfalme. Katika nchi za Wajerumani Wayahudi walichelewa kuwa na majina ya jamaa. Waliitwa kwa jina la baba. Kisha serikali zikawaamuru: Kaisari Yosefu wa pili katika Austria mwaka 1787, Prusia mwaka 1812. Mwenye baba aitwaye Meir alichagua kwa urahisi: aliandika Meyer, na jirani yake Mkristu, mjukuu wa kapita, alikuwa Meyer vilevile. Masikio hayawezi kuwatenga. Mmoja ametoka katika giza la ghala na hesabu, mwingine katika neno la mwanga, na barua zao zinachanganywa na tarishi. Yule mama Golda, aliyekuwa mkubwa wa serikali ya Israeli tangu 1969 mpaka 1974, alikuwa ameolewa kwa jina Meyerson. Mwaka 1956 aliligeuza kuwa Meir, akalirudisha katika Kiebrania.

Mchanganyiko huo ungekuwa mzaha tu, kama usingefika wakati wa Hitler. Serikali yake ilitaka kujua nani ni Myahudi, na jina Meyer halikuweza kuiambia. Basi tangu sheria ya tarehe 7 Aprili 1933 watumishi wa serikali, na nyuma yao watu wengine wengi, walipashwa kuonyesha karatasi za ubatizo za wazazi na za mababu. Karatasi hizo zilikuwa wapi? Katika masanduku ya maparoko. Mapadri na wachungaji wa Ujerumani walijaza fomu hizo kwa maelfu, siku kwa siku, wengine bila kufikiri, wengine kwa moyo mzito. Kitabu kilichowekwa na Eklezia ili kuonyesha nani amezaliwa mara ya pili kwa maji na Roho kilitumiwa ili kuonyesha nani atafukuzwa kazini, na mwisho nani atapelekwa kufa. Mwezi wa Agosti 1938 ilitoka amri nyingine: tangu Januari 1939 kila Myahudi mwanamume ambaye jina lake la kwanza halikuwa katika orodha ya majina ya Kiyahudi aliyoiweka serikali aongeze Israel, na mwanamke Sara, ili Meyer huyu asifikiriwe tena kuwa Meyer yule. Msomaji wa nchi zetu hahitaji kuelezwa zaidi nini huweza kutokea siku ile mtu anaposimamishwa kizuizini na kuulizwa jina lake.

Nadhani ni kwa sababu hiyo kila mwana-seminari anapashwa kufahamu vizuri tofauti kati ya jina na mtu. Jina Meier linasema kazi ya mtu mmoja aliyekufa zamani sana. Halisemi damu ya mjukuu wake, wala imani yake, wala kama ni mwaminifu. Sisi Wakongomani tulionja kidogo nguvu ya serikali juu ya majina katika mwaka 1972, wakati wa Zaire, majina ya Kikristu yalipokatazwa na Kardinali Malula akapashwa kukaa Roma muda. Vitabu vya ubatizo vya miaka ile, mahali ambapo paroko aliandika jina la mtakatifu pembeni kwa kalamu ndogo, ni vitabu vya kutunzwa.

Mmoja wa watu wa jina hili Eklezia imemweka juu ya altare. Rupert Mayer alizaliwa Stuttgart tarehe 23 Januari 1876, hata mwezi haujapita tangu ofisi zile za serikali zifunguliwe. Kwa hiyo ay yake ni ay ya milele. Akawa padri, kisha Mjesuiti, na katika vita ya 1914 alikwenda na askari kama padri wao. Mwisho wa mwaka 1916, katika Rumania, bomu lilimvunja mguu wa kushoto, wakaukata. Akarudi Munich akitembea kwa mguu wa mti, akiwahudumia maskini, akiwasalia misa ya alfajiri wasafiri katika stesheni ya gari la moshi. Alisema waziwazi mapema kwamba Mkatoliki hawezi kuwa mtu wa Hitler. Walimkataza kuhubiri, akahubiri. Walimfunga mara nyingi, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, na mwaka 1940, wakiogopa afie mikononi mwao na kuwa shahidi, wakamfungia katika monasteri ya Ettal. Huko alikaa karibu miaka mitano bila ruhusa ya kusema na watu.

Vita ilipokwisha alirudi Munich, mji uliokuwa magofu. Siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba 1945, alikuwa altareni katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli akieleza Evanjeli, ulimi ukakwama. Alirudia neno moja, Bwana, Bwana, na siku ile ile akafa. Papa Yohane Paulo wa pili alimtangaza mwenye heri katika mji ule ule tarehe 3 Mei 1987. Kaburi lake liko chini ya kanisa la Bürgersaal, katikati ya soko na maduka, na watu wenye vikapu mikononi wanashuka ngazi kumsalimu mbele ya kwenda nyumbani.